Kamera ya Kifuani

Msomaji asiye mwenyeji wa Embu huenda alilisikia jina la Kianjokoma kwa mara ya kwanza Agosti 2021, vijana wawili, ndugu wa toka nitoke, walipofariki baada ya kukamatwa na polisi wakati wa kafyu ya korona. Kamera kubwa za runinga zilifika sokoni kwetu, zikanasa waombolezaji na waandamanaji, kisha zikaondoka. Sizilaumu. Hata hivyo, mimi niliyezaliwa hapo nilibaki na hamu ya kuionyesha Kianjokoma nyingine: ya majanichai yanayofuata miteremko hadi ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya, ya ukungu wa Julai, na ya mito yenye maji baridi tuliyoogelea utotoni pasi na idhini ya wazazi.

Ndipo nikanunua kamera ndogo. Kamera za aina hii zilipata umaarufu kutokana na Nick Woodman, Mmarekani aliyeanzisha kampuni ya GoPro mwaka 2002 kwa kutaka kupiga picha akiwa juu ya mawimbi. Ile ya kwanza, ya mwaka 2004, ilitumia filamu ya kawaida ya milimita 35 na ilifungwa mkononi. Yangu haikuwa ya kampuni hiyo bali mojawapo ya zile zinazoiiga, niliyoipata Luthuli Avenue, Nairobi, kwa akiba ya miezi mitatu. Ilienea kiganjani. Iliambatana na ukanda wa kifuani na kasha la plastiki la kuzuia maji, na kasha hilo ndilo kiini cha maandishi haya.

Desemba 2022 tulikuwa likizoni. Mimi na binamu zangu tulishuka kwa baiskeli barabara ya vumbi inayopita katikati ya mashamba, breki zikilia kama mbuzi. Mmoja wetu akapinduka, akatua juu ya majanichai na kuinuka akicheka. Tuliingia mtoni na viatu. Usiku tuliitazama video kwenye kompyuta, watoto wakishangilia, naye Nyanya akitazama kwa utulivu kutoka kitini pake.

"Na wewe, mume wangu, uko wapi?" akaniuliza kwa Kiembu, kwa ule utani wa nyanya na mjukuu.

Nikamweleza kuwa kamera ilikuwa kifuani pangu, kwa hiyo nisingeweza kuonekana.

"Basi hii si safari yako. Ni safari ya kifua chako."

Nilicheka, lakini usingizi ulichelewa. Sisi tunaosoma fasihi tumezoea kumjadili msimulizi wa nafsi ya kwanza, yule asemaye "mimi". Msimulizi huyo hutuambia alichokiogopa na alichokitamani. Kamera ya kifuani nayo imesimama pale pale anaposimama "mimi", ilhali haina neno hata moja la kusema kumhusu.

Kesho yake Nyanya alitangaza kuwa yeye pia anataka safari. Akashika bakora yake, tukapanda polepole, tukapita kituo cha kupimia majanichai, hadi mahali panapouona msitu. Kila baada ya hatua chache alisimama. Akanitajia majina ya makonde, majina ya mababu waliokufa na jina la kila kijito. Tulipofika juu aliinyoosha bakora kuelekea Runyenjes, akaanza kusimulia habari za Mwenendega na Nthara, wazazi wa kwanza wa Waembu katika masimulizi yetu. Nilikuwa nimeisoma hadithi hiyo vitabuni na kuisikia shuleni. Yake ilikuwa na sehemu nisizozijua, na wimbo mfupi katikati. Sikuandika chochote. Kwa nini niandike, nami nina kamera?

Asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu. Kwa kuogopa maji niliiacha kamera ndani ya kasha lake. Naam, kasha lizuialo maji huzuia na sauti. Nilipoifungua video wiki mbili baadaye, chuoni, nilikuta dakika 47 za picha safi ajabu: mikunjo ya uso wa Nyanya, bakora, ukungu ukipanda. Midomo yake inakwenda. Kinachosikika ni mchakacho wa jaketi langu na pumzi zangu mwenyewe.

Nilijiambia kuwa nitarudi, nimwombe asimulie tena. Kulikuwa na mitihani, kisha karo, kisha hili na lile. Tulimzika Aprili 2024.

Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alisisitiza kuwa matini iliyochapishwa hupoteza utendaji: sauti, ishara za mikono, uso wa msimulizi. Wahadhiri wetu hutukumbusha hilo kila muhula. Mimi nimejikuta na kinyume chake, utendaji usio na maneno, wala sijaona nadharia ya kunisaidia.

Pasaka iliyopita nilimwonyesha mama video hiyo. Alitazama kimya, kisha akaanza kusema badala ya midomo ile: "Hapa anamtaja Mwenendega. Hapa anaimba, tazama kichwa." Mama mdogo akaja kuketi nasi, naye akaanza kumsahihisha. Kwa siku mbili nimekuwa nikiisimamisha video na kuandika daftarini. Wamekubaliana juu ya wimbo, wakauimba, nami safari hii nimeurekodi kwa simu. Dakika ya 21, Nyanya anapopunga mkono kwa ghafla, wameshindwa kuafikiana. Mama mdogo anashikilia kuwa hapo Nthara anaondoka. Mama anasema hapo Nyanya anamfukuza ng'ombe wa jirani.

Nimeyaandika maelezo yote mawili. Bado dakika 26.