Mafaili 12 ya Mashine za Zamani

Mimi ni mwandishi wa habari, kompyuta natumia tu. Ila kumbukumbu za mabadiliko ya kerneli ya Linux huwa nazisoma kama riwaya ya mfululizo. Mhusika ninayemfuatilia ni Geert Uytterhoeven. Toleo jipya linapoanza kupikwa, yeye hupitia mafaili 12 ya mipangilio ya msingi ya prosesa za familia ya Motorola 68000, iliyozaliwa mwaka 1979 na kuendesha Amiga, Atari na Macintosh za zamani.

Faili lenyewe halina mvuto. Mistari tu: washa hiki, kile kiwe moduli. Lakini kipengele kikibadilishwa jina, mstari wa zamani haupigi kelele. Unapuuzwa kimyakimya, na mwenye mashine anashtukia diski haisomeki. Ndiyo maana lazima mtu apite, tena na tena.

Jamani, kwa nini kujisumbua? Desemba 2012 hata prosesa ya 386 iliondolewa kwenye kerneli, na ndiyo hiyohiyo Linus Torvalds aliyoanzia kazi mwaka 1991. Asili haikuiokoa.

Sisi tuliojifunza kuchapa kwenye kompyuta za mtumba tunalijua jibu. Mashine ikiacha kuuzwa, bado kuna mtu anaitegemea mahali fulani.

Chumba cha habari nacho kina watu wa namna hii: wasahihishaji. Majina yao hayatoki gazetini. Waondoe wiki moja tu, wasomaji wataanza kupiga simu.