Niliuza sauti ya mama mkwe kwa shilingi 500

Msomaji mpenzi, je, umewahi kununua kitu kwa bei ya kutupa, ukarejea nyumbani ukipiga mluzi, kisha baadaye ukatambua kwamba aliyeuzwa ni wewe? Mimi yalinipata, na nayasimulia leo ili nawe yasikupate.

Mnamo Machi 2022 kompyuta yetu ya nyumbani, ambayo tuliinunua ikiwa tayari imetumika, ilianza kujikokota kama punda aliyelemewa na mzigo. Ukiiwasha asubuhi, ungeweza kuchemsha chai, ukaimimina na kunywa nusu kikombe kabla haijawa tayari. Ndani yake kulikuwa na kitu kinachokwaruza. Mke wangu, Mama Neema, ni mwalimu wa shule ya msingi, na usiku watoto wakishalala alikuwa akiitumia kuandika ripoti ya utafiti wake wa shahada. Alikuwa amefika sura ya tatu.

"Baba Neema," akaniambia, "tafuta fundi kabla mashine hii haijatufia mikononi."

Jumamosi hiyo niliitia kompyuta ndani ya gunia, nikapanda matatu hadi katikati ya Nairobi. Katika duka moja la barabara ya Luthuli, ambako maduka ya vifaa vya umeme yamebanana, niliambiwa kwamba kilichochoka ni diski. Nilionyeshwa mpya ya aina ya SSD, gigabaiti 240, kwa shilingi 3,500. Nikaiona ndogo mno. Mtaa wa pili nikamkuta kijana mwenye meza yake kando ya ngazi, naye akanipa ya terabaiti 2 kwa shilingi 3,000.

"Mkubwa, hii ni mara nane ya ile, na bei iko chini," alisema. "Tena ukiniachia hiyo ya zamani, nakupunguzia mia tano."

Basi nikajiona nimeokota dodo chini ya mnazi! Akanakili kila kitu kutoka diski kuukuu hadi mpya, akafunga skrubu, nami nikarudi nyumbani kifua mbele. Kompyuta iliwaka upesi hata watoto wakapiga makofi.

Wiki tatu baadaye Mama Neema alifungua sura yake ya tatu akakuta ukurasa umejaa alama zisizosomeka. Tukafungua picha za harusi: majina yapo, picha hazipo. Kesho yake kompyuta ilikataa kuwaka kabisa.

Fundi wa mtaani kwetu aliipima, akatikisa kichwa. Kumbukumbu halisi iliyokuwemo ilikuwa gigabaiti 64 tu. Kidude kinachoiongoza kilikuwa kimebadilishwa ili kiiambie kompyuta kwamba nafasi ni terabaiti 2. Ni sawa na makanga anayeita "bado wawili!" ilhali gari limejaa hadi mlangoni. Kompyuta huamini, ikaendelea kupakia, na vinavyozidi humwagika njiani au huandikwa juu ya vile vilivyotangulia. Majina hubaki kwenye orodha, lakini ndani hamna kitu.

Katika vilivyopotea kulikuwa na sauti ya mama mkwe wangu, aliyefariki mwaka wa 2020. Alikuwa amerekodiwa kwa simu, dakika 40 akieleza jinsi alivyochagua majina ya wajukuu wake na nani aliitwa kwa jina la nani. Simu yenyewe iliibwa. Nakala ilikuwa ndani ya ile diski kuukuu tu.

Niliondoka mbio kumtafuta yule kijana. Hakunikana. Aliniambia kwa upole kwamba diski yetu alikuwa ameshaifuta na kuiuza.

Sitaki kukuficha, msomaji. Mama Neema hakunipigia kelele, na afadhali angenipigia. Aliketi akaanza kuchapa upya sura ya kwanza na ya pili kutoka kwenye karatasi alizokuwa amempa msimamizi wake, na sura ya tatu akaianza kichwani. Mahafali ya mwaka huo yalimpita. Alifuzu mwaka uliofuata. Ile sauti haikurudi.

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Hata hivyo si kila cha bei nafuu ni kibovu, na mwenye kipato kidogo hana budi kutafuta nafuu. Linalotakiwa ni kujua unachonunua. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, jiulize diski hiyo ni ya kazi gani. Ya kuwashia kompyuta hubeba programu endeshi na programu unazotumia kila siku. Si ghala la picha na filamu. Windows 11 yenyewe hudai diski isiyopungua gigabaiti 64, na kwa masasisho na programu nyingine, gigabaiti 240 au 256 zatosha nyumba nyingi. Ile ya 120 hujaa upesi, nayo SSD iliyojaa pomoni hupunguza mwendo. Mimi ningeichukua leo ile ya duka la kwanza bila kusita.

Pili, usilipie kasi usiyoihitaji. Diski ya zamani ina visahani vinavyozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono mdogo unaotafuta kilichoandikwa. SSD haina kinachozunguka, ndiyo maana huwasha kompyuta haraka. Ile inayotumia waya wa SATA husoma takriban megabaiti 500 kwa sekunde. Ziko za NVMe zenye kasi mara kadhaa ya hiyo, lakini kwa kuandika barua na kazi za shule utaona tofauti ndogo sana. Tena kompyuta nyingi za zamani hazina pahali pa kuichomeka. Jihadhari pia na umbo la M.2, kijiti chembamba kama kipande cha ubani: SATA na NVMe zote hutengenezwa kwa umbo hilo, na tundu la moja huenda lisiikubali nyingine. Nenda na jina kamili la kompyuta yako.

Tatu, ogopa ukubwa unaouzwa kwa bei ya udogo. Zunguka maduka matatu kwanza. Diski ya terabaiti 2 ikiwa na bei ya chini kuliko ya gigabaiti 240 yenye jina linalojulikana, shika njia yako. Dai risiti na dhamana ya maandishi. SSD nyingi halali huja na dhamana ya miaka 3 au 5. Ukifika nyumbani, kabla hujaweka chochote, ijaribu kwa programu ya bure iitwayo H2testw au F3. Huijaza diski yote kisha ikasoma tena kuona kama kilichowekwa kipo. Huchukua saa kadhaa, lakini uongo hujitokeza. Na kwa diski iliyotumika, CrystalDiskInfo huonyesha saa ambazo imefanya kazi.

Nne, na hili ndilo lililoniponza: usiachilie diski ya zamani kabla hujafungua mwenyewe faili za ile mpya, moja baada ya nyingine. Iweke kabatini hata mwaka mzima. SSD ikifa, mara nyingi haikwaruzi kwanza kukuonya, hunyamaza tu. Kwa hivyo kila cha thamani kiwe na nakala mahali pengine, na nyingine nje ya nyumba. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Sisi sasa tuna SSD ya gigabaiti 240 ya kuwashia, na diski ya kawaida ya terabaiti 1 tuliyoitoa kwenye kompyuta nyingine, ya kuwekea picha. Nakala ya tatu iko kwa shemeji Nakuru. Kompyuta huwaka kabla sijaweka sufuria mekoni.

Mwaka jana Mama Neema aliwaketisha watoto, akatia simu katikati ya meza, akaanza kuwasimulia yeye mwenyewe yale majina, kama alivyokumbuka kutoka kwa mamake. Alipomaliza alinipa simu bila neno. Usiku huo huo nilitengeneza nakala tatu, nikafungua kila moja, nikaisikiliza hadi mwisho.