Mwanga wa Uchochoroni, Ngamiani

Studio ya mjomba wangu ilikuwa Ngamiani, Tanga, mtaa ambao njia zake nyingi hazina majina ila namba. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya kawaida, ukumbi katikati na vyumba pande mbili. Chumba cha mbele wateja walingojea, wakitazama picha za watu wanaowafahamu zilizobandikwa ukutani. Cha pili ndicho cha kupigia. Stoo ya uani, isiyo na dirisha, tuliigeuza chumba cha giza, na joto lake la mwezi Februari sitalisahau.

Nazungumzia mwaka 1984 na miaka michache iliyofuata. Mpaka wa Kenya, uliofungwa Februari 1977, ulikuwa umefunguliwa tena Novemba 1983, na mikanda ya filamu ikaanza kuonekana tena, ikitoka Mombasa kwa njia ya Horohoro. Kabla ya hapo mkanda mmoja ulitunzwa kama dhahabu. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Jioni na siku za likizo nilikuwa pale, nikibeba, nikisafisha, nikishikilia vitu, na zaidi ya yote nikitazama.

Kamera yetu ilikuwa Yashica Mat-124G, yenye lenzi mbili zilizopandana, ya juu ya kutazamia na ya chini ya kupigia. Mkanda wake wa namba 120 ulitoa picha 12 tu, za mraba, sentimita 6 kwa 6. Mpigaji hakuiweka jichoni. Aliishika usawa wa kifua, akainamisha kichwa na kutazama kioo cha juu, ambako upande wa kulia huonekana kushoto na wa kushoto huonekana kulia. Wengi waliona taabu kuizoea. Mimi naamini kamera za namna ile ziliwapa watu wetu heshima ambayo hawakuipata kwingine, kwa sababu lenzi iliyo kifuani haimtazami mtu kutoka juu. Mchukuzi wa bandarini na karani wa benki wote walikaa kwenye picha vichwa juu, mabega yamenyooka.

Mjomba hakumsogelea mtu sana. Alisimama mita moja na nusu au mbili, akapiga, kisha akaukuza uso kwenye mashine ya kukuzia ndani ya chumba cha giza. Ukimsogelea mtu mno, alisema, pua inatangulia na masikio yanabaki nyuma. Hilo halina uhusiano na aina ya kamera. Ni suala la umbali kati ya lenzi na uso.

Lakini kilichoifanya studio ile iwe studio ni dirisha.

Vitabu vya mjomba vilitoka Uingereza, na vyote vilisema chumba cha picha kiwe na dirisha la kaskazini. Kwao ni kweli, maana jua lao la mchana liko kusini siku zote, na dirisha la kaskazini hupata mwanga wa mbingu tu, uliotulia kutwa nzima. Tanga iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Kuanzia Machi hadi mapema Oktoba jua la saa sita linapita upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki linapita kusini. Ukifuata kitabu, nusu ya mwaka mteja wako atakaa amekunja uso kwa jua kali.

Mjomba akaachana na dira, akatazama uchochoro. Dirisha la chumba cha pili lilielekea ukuta wa jirani, mbele kidogo tu, mrefu na uliopakwa chokaa. Jua liliupiga ukuta ule, na ukuta ukaurudisha mwanga dirishani ukiwa mpana na mpole. Kila mwaka kabla ya Idd mjomba alilipia chokaa ya ukuta huo kutoka mfukoni mwake. Jirani alijua sababu, na wote wawili waliridhika. Siku za mwanga mkali mno tulitundika merikani dirishani, kipande kimoja kilichofuliwa mpaka kikawa chepesi, na mwanga ukazidi kulainika.

Upande wa pili wa kiti tulisimamisha ubao wa sanduku la chai. Masanduku yale yalitoka kwenye mashamba ya Usambara, ya mbao nyembamba, na ndani yalikuwa na karatasi ya bati inayong'aa. Mjomba aliibandua akaibandika vizuri kwenye ubao, na hicho ndicho kilikuwa chombo chetu cha kurudishia mwanga upande wa kivuli. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuushika. "Mjomba, sogeza bati," aliniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja. "Sogeza tena. Hapo hapo." Inchi mbili tu zilitosha kulifufua jicho lililokuwa gizani.

Mpaka leo naona watu wanakosea jambo moja ambalo yeye alilielewa sawasawa. Wengi hudhani mtu mweusi anahitaji mwanga mwingi zaidi. Wanamwashia taa ya mbele, kali, na uso unatoka bapa, paji linawaka doa jeupe na sehemu nyingine zote zimezama. Ngozi nyeupe hurudisha mwanga mwingi uliotawanyika, hivyo umbo la uso wake huchorwa zaidi na vivuli. Ngozi yetu hunywa sehemu kubwa ya mwanga huo. Kinachochora umbo lake ni mng'ao, kule kuwaka taratibu kwa mfupa wa shavu, ukingo wa taya, mgongo wa pua. Mng'ao ni taswira ya taa yenyewe juu ya ngozi. Taa ikiwa ndogo, mng'ao ni kidoa. Taa ikiwa pana kama dirisha, na ikitoka pembeni, mng'ao hutanda, na uso mzima unapata umbo bila kupoteza weusi wake.

"Usimwongezee mwanga," alikuwa akiniambia. "Mpanulie."

Ndiyo maana poda ilimpa shida. Mabibi harusi waliletwa wamepakwa poda nyeupe usoni, na poda huua mng'ao. Kwenye filamu uso unakuwa wa majivu. Mjomba hakumgusa mwari wala kumsemesha juu ya jambo hilo. Alimgeukia somo wake aliyemsindikiza: "Somo, mpunguzie poda mwanao, kamera haitaki." Somo akafuta kwa ncha ya kanga, kisha kwa kidole akamgusia mafuta ya nazi kidogo sana juu ya kila shavu. Tofauti yake kwenye karatasi ilikuwa kubwa.

Jaribio gumu lilikuwa kanzu. Nakumbuka vizuri mwalimu mmoja wa madrasa, mzee mrefu mwenye uso mweusi sana, aliyekuja na kanzu mpya na kofia ya kiua, vyote vyeupe pepe. Kipimo cha mwanga kinachoelekezwa kwa mtu kama huyo huona weupe wa nguo, kikadhani pana mwanga tele, na kumwambia mpigaji apunguze. Kanzu inatoka nzuri, mwalimu hayupo.

Mjomba alikuwa na Weston Master, kipimo cha seleniamu kisichotumia betri, jambo la maana sana wakati ule. Kilikuja na kikofia cheupe cha plastiki. Ukikivisha kikofia hicho, ukasimama alipokaa mtu na kukielekeza kwenye kamera, kinapima mwanga unaomfikia mtu, si ule unaorudishwa na nguo zake. Alikishika karibu na kidevu cha mzee, akasoma. Kisha akaweka ngumi yake mwenyewe, nyeusi vilevile, mbele ya uso ule, akaigeuza taratibu kuelekea dirishani akitazama mwanga unavyopanda kwenye vifundo vya vidole. Akakigeuza kiti kidogo. Upande wa mbali wa uso pakatokea pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho, ile ambayo wapiga picha huiita kwa jina la mchoraji Rembrandt wa Uholanzi.

"Mwalimu, tazama ukutani kule, usinitazame mimi."

Aliongeza mwanga mara mbili ya kipimo kilivyosema ili uso ushibe. Hesabu ya kanzu aliilipa kwenye chumba cha giza, kwa kuisafisha filamu muda mfupi kidogo kuliko kawaida, kwani sehemu nyeupe ndizo zinazoendelea kujaa kadiri dawa inavyokaa. Dawa yenyewe, D-76 ya Kodak, vitabu viliipangia nyuzi 20, na maji ya bomba ya Tanga hayakujua nyuzi 20 ni nini. Nilitumwa barafu kwa wauza samaki, tukaiweka kwenye karai, na chupa ya dawa ikakaa katikati na kipimajoto. Picha ya mwalimu ilipoanza kutoka kwenye trei chini ya taa nyekundu, kwanza zilitokea nyusi na macho, kisha kofia, na mwisho kabisa nyuzi za tarizi kifuani, moja moja, zote zikihesabika.

Usiku wa Idd, watu wakijaa mpaka barazani, dirisha halikuwa na msaada. Hapo tuliwasha balbu mbili za studio za wati 500, zile ambazo maisha yao yote ni saa 6 hivi. Moja aliielekeza kwenye ukuta mweupe ili mwanga urudi mpana, nyingine nyuma kwenye pazia lililochorwa ngazi na mitende. Kwenye stendi alifunga uzi wenye mafundo wa kupimia umbali wa taa, kwa sababu ukiipeleka mara mbili ya umbali hubaki na robo ya mwanga, si nusu.

Rangi ilipoingia, mikanda ikawa inapelekwa kusafishwa mbali, kwa mashine, na nyuso zikarudi ama nyekundu ama giza tupu. Tulidhani ni sisi. Miaka mingi baadaye nilisoma kazi ya mtafiti Lorna Roth wa Kanada kuhusu kadi za Shirley, picha za wanawake weupe ambazo maabara zilitumia kusawazishia rangi. Anaeleza kwamba Kodak walirekebisha filamu zao upande wa rangi za kahawia baada ya malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao. Iliniuma, na bado inaniuma. Chokoleti ilisikilizwa kabla ya watu.

Mjomba hakuwa peke yake katika ujuzi huu. Unguja kulikuwa na Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na Lamu alikuwako Omar Said Bakor. Mbali zaidi, Bamako, Seydou Keïta alifungua studio mwaka 1948 akawapiga wateja wake uani kwa mwanga wa mchana, shuka la kitanda limetundikwa nyuma yao. Nilipoziona picha zake nilitambua mara moja mashavu yale. Watu hawa waliyajua haya kabla vitabu havijayaandika, na ujuzi wao unastahili kufundishwa kwa jina lao.

Kwa hiyo ninyi mnaopiga picha za watu leo kwa simu na kamera za kidijitali, kabla ya kununua taa ya duara, tafuteni ukuta mweupe unaopigwa na jua na dirisha linaloutazama. Mkalisheni mtu pembeni, mwanga umjie kwa ubavu, na upande wa pili wekeni chochote cheupe. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, si kanzu, na ushikilie mpaka kipimo kifunge. Rudi nyuma hatua moja utumie lenzi ya mara 2, maana lenzi kuu ya simu ni pana na hukufanya umsogelee mtu mno, pua ikatangulia. Zima programu ya kulainisha ngozi. Anzeni na wazee wenu, mwaka huu huu, na picha ikitoka msiiache ndani ya simu: ichapisheni kwenye karatasi, muwakabidhi mkononi.