Mitutu Mingi, Kiunzi Kimoja

Watu hudhani kwamba mkusanyaji wa vitu huanza kwa kununua. Aghalabu huanza kwa kupewa. Mmoja huachiwa saa ya babu, mwingine sarafu ya nchi aliyopita baba yake, na katika kitu hicho kimoja huzaliwa hamu ya kutafuta wenziwe. Ndivyo ilivyomtokea mpima ardhi mmoja wa jimbo la New Hampshire, kaskazini mashariki ya Marekani, mtu wa miaka 58, ambaye kabla ya hapo hakuwa amekusanya kitu ila ramani za kazi yake.

Kaka yake alipofariki hakumwachia nyumba wala fedha. Alimwachia mtutu mmoja wa bastola, urefu wake inchi 14, umeviringishwa katika kitambaa chenye mafuta. Bastola yenyewe haikuwapo. Iliuzwa katika mwaka wa ugonjwa ili kulipa madeni ya matibabu, na marehemu, kwa sababu asiyomwambia mtu, aliuzuia mtutu huu usiende pamoja nayo. Mtutu usio na bastola ni bomba la chuma: hauwindi, haulindi, wala hautishi. Walakini mpima ardhi aliuweka juu ya meza yake muda wote wa majira ya baridi, na theluji ilipoyeyuka alikuwa amekwisha kata shauri la kuutafutia mwili.

Bastola ya namna hiyo ilitokana na fikira za fundi aitwaye Warren Center, aliyeifanyia kazi katika karakana ya chini ya nyumba yake. Mwaka 1965 fundi huyo alijiunga na kampuni ya K. W. Thompson Tool ya Rochester, katika New Hampshire hiyo hiyo, ambayo kazi yake ilikuwa kumimina vyuma katika kalibu. Majina mawili yakaungana yakawa Thompson/Center, na mwaka 1967 bastola ikatolewa kwa jina la Contender. Huchukua risasi moja tu. Mwindaji akivuta ukingo wa chuma uliozunguka kifyatulio, bastola hukunjuka katikati kama bunduki ya marisau. Hutia risasi, huifunga, huinua nyundo, kisha hupiga. Akikosa, hana ya pili ndani. Na mnyama wa mwituni hamngojei mtu apakie tena. Kwa hiyo silaha hii humfundisha mwenyewe subira kabla ya kumfundisha shabaha.

Lakini ustadi mkubwa wa Center haukuwa katika risasi moja, bali katika mitutu mingi. Ubao wa mbele ukiondolewa na pini ya bawaba ikasukumwa nje, mtutu hutoka katika kiunzi na mwingine hupachikwa mahali pake. Kwa dakika chache bastola iliyokuwa ya risasi ndogo ya .22, ya kupigia kuchakulo, hugeuka kuwa ya .30-30, ya kupigia kulungu. Nyundo nayo ina kigeuzi, kwa kuwa risasi nyingine hugongwa ukingoni na nyingine hugongwa katikati. Alama za kulengea, au darubini, hufungwa juu ya mtutu, si juu ya kiunzi. Kwa hiyo mtutu uliokwisha kulinganishwa huondoka na ulinganifu wake, na siku ya kurudi hurudi nao. Nia ilikuwa njema: mtu wa kipato cha kadiri aweze kuwa na silaha moja mahali pa tano. Fundi hakukisia, labda, kwamba kitu kilichofanywa ili kumpunguzia mtu vitu kingekuwa mlango wa kumzidishia.

Mpima ardhi alianza kwa kosa ambalo wengi huanza nalo: aliona vitu viwili vya ukoo mmoja akadhani ni kimoja. Alinunua kiunzi kizuri, kipya, chenye jina la kampuni ile ile. Alipofika nyumbani mtutu wa marehemu haukuingia. Alichonunua kilikuwa Encore, kiunzi kikubwa kilichotolewa mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya risasi zenye nguvu zaidi, kama .308, ambazo Contender haikufanywa izistahimili. Mitutu ya Encore haiingii katika Contender, wala ya Contender haiingii katika Encore. Kiunzi cha G2, kilichofuata mwanzoni mwa karne ya 21, huipokea mitutu ya Contender ya kwanza, ila mipini yao haibadilishani. Elimu hiyo angaliweza kuipata bure kwa swali moja; aliipata kwa hasara ya kukiuza kiunzi kwa bei pungufu.

Mara ya pili aliuliza kwanza. Alijua sasa kwamba kwa sheria ya Marekani kiunzi ndicho bunduki. Mtutu huuzwa kama kipande chochote cha chuma, na waweza kufika nyumbani kwa posta. Lakini kiunzi kinachotoka jimbo jingine hakina budi kupitia kwa mwuzaji mwenye leseni, na mnunuzi kujaza hati na kuchunguzwa. Alijua pia habari ya kesi moja mashuhuri. Bunduki ya begani yenye mtutu usiotimia inchi 16 huhesabiwa kuwa silaha ya kuandikishwa kwa namna ya pekee. Kampuni ya Thompson/Center ilipouza bastola pamoja na kitako cha begani na mtutu wa inchi 21, serikali ilisema kwamba vipande hivyo vyaweza kuunganishwa vikawa bunduki fupi, ikatoza kodi ya dola 200. Kampuni ililipa, kisha ikadai kurudishiwa. Mwaka 1992 Mahakama Kuu ya Marekani iliipa kampuni haki: vipande vilikuwa na matumizi halali, maneno ya sheria hayakuwa dhahiri, na katika shaka mlipa kodi hupewa nafuu. Hukumu hiyo haimwachii mtu kufanya apendavyo. Anayeunganisha kitako cha begani na mtutu mfupi pasipo kuandikisha bado huivunja sheria, hata kama alifanya hivyo kwa mchezo tu.

Basi alipata kiunzi cha Contender cha zamani, chenye umbo la puma lililochorwa ubavuni. Alikifunga na mtutu wa kaka yake, akakitikisa asikie kama kuna mchezo kati ya chuma na chuma. Alitazama kama komeo limeingia lote. Alichungulia ndani ya mtutu kwa taa, akitafuta vishimo vya kutu. Alitazama vichwa vya skrubu, kwa maana skrubu iliyotafunwa husimulia habari za mikono iliyopita. Kila kitu kilikuwa sawa. Mkewe alimtazama kwa muda, kisha akauliza, "Je, yaweza kuwa hii ndiyo ya marehemu?"

"Yaweza," alijibu. "Lakini haitajulikana."

Jibu hilo lilikuwa la kweli, na uchungu wake ulikuwa katika ukweli wake. Nambari imepigwa juu ya kiunzi, mtutu hauna. Marehemu hakuandika nambari ya bastola aliyoiuza. Sifa ile ile iliyoifanya silaha hii kuwa bora, yaani kwamba kila mtutu hukubali kila kiunzi cha ukoo wake, ndiyo iliyofuta alama ya kuonyesha nani alikaa na nani. Vitu vinavyobadilishana kwa urahisi husahauliana kwa urahisi.

Pengine ilikuwa kwa sababu hiyo kwamba hakuweza kukoma. Alinunua mtutu wa pembe nane wa miaka ya mwanzo, kisha wa .44 Magnum, kisha mmoja ulioweza kupokea risasi ya .45 Colt au ganda la marisau la .410. Alijifunza kwamba maandishi ya ubavuni huweza kudanganya, kwa kuwa mafundi wengine huchimba upya chemba ya mtutu bila kubadilisha alama. Ndipo mnunuzi mwenye hadhari humimina madini laini ndani yake apate sura yake ya kweli. Aliijua mitutu ya nje ya kiwanda, kama ile ya SSK Industries ya Ohio, ambayo J. D. Jones aliitengenezea risasi alizobuni mwenyewe. Katika miaka mitatu alikuwa na mitutu 14 na kiunzi kimoja. Smith & Wesson, iliyoinunua Thompson/Center mwaka 2007, ilipotangaza mwaka 2021 kwamba yataka kuiuza, aliona hofu kuwa busara, akaongeza mitatu. Mwaka 2024 kampuni ilinunuliwa na mkuu wake wa zamani, lakini mitutu iliyonunuliwa kwa hofu ilikuwa imekwisha kulipiwa.

"Umewinda na mingapi?" mkewe alimwuliza siku moja.

"Miwili."

Mkewe hakusema neno zaidi, na kunyamaza kwake kulikuwa kuzito kuliko lawama.

Hali ikawa hiyo mpaka alipopigiwa simu na mjane wa mji wa jirani. Mumewe alikuwa mpenzi wa mchezo wa kulenga sanamu za chuma, ule uliopata chama chake cha bastola mwaka 1976: kuku kwa mita 50, nguruwe kwa 100, bata mzinga kwa 150, na kondoo dume kwa 200. Bastola ilikuwa imechukuliwa na mwanawe. Ilibaki sanduku la mitutu 11. Mtu mmoja aliyeitazama alimwambia kwamba mitutu bila bastola haina thamani. Kwa hiyo alitaka bei ndogo tu, apate nafasi katika ghala. Bei aliyoitaja kwa yote 11 ilikuwa ya mitutu miwili.

Mpima ardhi alilifungua sanduku. Kila mtutu ulikuwa umefungwa karatasi kwa uzi, na juu ya karatasi, kwa mwandiko mdogo wa mtu mwangalifu, yaliandikwa mambo yake: ulinunuliwa wapi, risasi ipi iliupendeza, siku ipi kondoo wote walianguka. Mmoja kati yake alikuwa ameutafuta miaka miwili. Alisema atafikiri, akarudi nyumbani. Hakuwa amesema uongo. Wala hakuwa amesema kweli.

Usiku alimweleza mkewe. Naye alisema, "Kaka yako aliuza yake kwa sababu ya ugonjwa. Je, aliyeinunua alimlipa haki yake?"

Swali hilo halikuwa na jibu, kama lile la kwanza. Lakini lilimwonyesha njia. Asubuhi alirudi kwa mjane akamwambia, "Bibi, bei uliyoitaja si bei ya vitu hivi. Yule aliyekuambia havina thamani alikosea." Wakakaa mezani siku mbili, yeye akiupima kila mtutu na mjane akiandika. Mitutu ikauzwa mmoja mmoja, kila mmoja na karatasi yake, kwa bei ya soko. Mmoja aliununua mwenyewe kwa bei kamili. Ule alioutafuta miaka miwili ulikwenda Texas kwa mtu aliyeweza kulipa zaidi, na haifai kudanganya kwamba hakuona uchungu. Aliuona, na siku kadhaa hakutaka kuingia katika karakana yake.

Alipoingia alinunua daftari. Aliandika mtutu wa kwanza: urefu wake, kipimo chake, jina la kaka yake, na mwaka wa ugonjwa. Aliandika nambari ya kiunzi, na mbele yake maneno haya: asili yake haijulikani. Kisha akaendelea na mingine, akagundua kwamba iko 9 ambayo hakuwa na la kuandika juu yake ila bei. Hiyo 9 aliiuza. Hakuiuza kwa sababu ilikuwa mibovu. Baadhi yake ilikuwa bora kuliko iliyobaki. Aliiuza kwa kuwa alitambua kwamba hakuwa mkusanyaji wa hiyo, bali ghala lake.

Anayetaka kuanza kukusanya bastola za namna hii huuliza anunue kiunzi kipi na mtutu upi. Maswali hayo yana majibu, nayo yametajwa. Lakini aanze na daftari. Katika silaha nyingine nambari huhifadhi habari hata mwenyewe akiwa mzembe. Katika hii vipande huachana na kuoana siku zote, na hakuna kinachoviunganisha na watu waliovishika isipokuwa uaminifu wa anayeandika. Chuma hukaa miaka mingi kikipakwa mafuta. Habari yake hufa na mtu mmoja.

Mwezi wa Novemba mpima ardhi aliufunga mtutu wa kaka yake akaenda msituni. Karibu na jioni kulungu alisimama kati ya miti ya misonobari, mbali kidogo kuliko ilivyofaa, na mwanga ulikuwa umeanza kupungua. Alilenga, akangoja, kisha akaishusha nyundo polepole. Usiku aliandika katika daftari tarehe, mahali, na neno moja: hakupiga. Ukurasa huo haukuhitaji zaidi.