Kule kwa Mzee, Temeke

Ukumbi ule haukuwa na jina. Tuliuita "kule kwa Mzee", na mtaa mzima wa Temeke tuliokulia ulijua ni wapi: nyuma ya ghala la nafaka, paa la bati, madirisha yasiyo na vioo, sakafu ya saruji iliyochimbika upande wa mlangoni. Mchana palihifadhiwa viti na maturubai ya kukodisha kwenye shughuli. Ikifika saa kumi jioni tulisogeza viti ukutani, tukafagia, na wavulana wakatoa ngoma nje kuzianika juani. Siku ya mawingu waliwasha makuti na kuzipasha hadi ngozi ikaze. Harufu ya ngozi inayopata moto naitambua mpaka leo, popote ninapoikuta.

Nilianza kwenda pale mwishoni mwa miaka ya 1980, nikiwa shule ya msingi. Wakati huo Dar es Salaam ilijaa vikundi vya sanaa. Muungano Cultural Troupe, DDC Kibisa na vingine vilizunguka kwenye kumbi na baa kila mwisho wa juma, na onyesho moja lilikuwa na kila kitu: ngoma, sarakasi, vichekesho, maigizo, taarabu. Mtoto aliyejua kucheza aliota kuchukuliwa na kikundi kimojawapo. Hiyo ndiyo ndoto iliyotupeleka wengi kwa Mzee, ingawa yeye mwenyewe hakuitaja hata siku moja.

Mzee alikuwa amecheza katika kikundi cha taifa cha ngoma, kile kilichozaliwa baada ya Mwalimu Nyerere kuunda wizara ya utamaduni mwaka 1962. Kikundi hicho kilipovunjwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikafunguliwa mwaka 1981, baadhi ya wenzake walikwenda Bagamoyo kufundisha. Yeye alibaki mjini, akapata ajira ya ulinzi usiku, na jioni akatufundisha sisi. Ada ilikuwa chochote mzazi alichokuwa nacho. Wengine walileta unga.

Kazi ya kwanza aliyotupa ilikuwa kutembea. Tulitembea tukizunguka ukumbi, mguu mtupu, tukipiga makofi, yeye akikaa na ngoma moja tu mbele yake. Asiyeweza kutembea na ngoma, alisema, hawezi kucheza nayo. Baadaye sana ndipo alipotupa majembe ya bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, ambayo kwao ilichezwa shambani, wapigaji wakiwatangulia wanaolima. Majembe yake yalikuwa ya kweli, mazito, yenye mpini wa mti. Ukichelewa nusu pigo, jembe la mwenzako liko karibu na mguu wako. Kwa hiyo tulijifunza kumtazama jirani kabla ya kujitazama wenyewe. Sijapata shuleni somo la uangalifu lililoniingia kama lile.

Kila ngoma alitufundisha mara mbili. Kwanza tuliicheza katika duara, nyuso zikielekeana, kama inavyochezwa kijijini. Kisha alitupanga mistari na kutugeuza wote tuelekee ukuta mmoja, kwa sababu jukwaani watazamaji wako upande mmoja. Alitueleza kwamba kikundi cha taifa kililazimika kufanya hivyo kwa kila ngoma iliyotoka mkoani: kuifupisha, kuinyoosha, kuigeuza. Hakulilaumu jambo hilo, maana alilifanya kwa mikono yake mwenyewe na aliliona kuwa kazi ya heshima. Ila alitaka tujue duara lilitangulia.

Adhana ya magharibi ikisikika, ngoma zilinyamaza. Wakristo na Waislamu tulikaa chini pamoja tukinywa maji kwenye ndoo moja.

Sasa niseme la kwangu. Wazazi wangu walitoka Newala. Katika mtaa wetu kuitwa Mmakonde lilikuwa tusi, na watoto walijua kulitupa. Mama alituagiza Kimakonde kibaki ndani ya nyumba. Nje ni Kiswahili, tena kisichovutwa kikusini. Sindimba, ngoma ya kwetu, ilichezwa nchi nzima kwenye sherehe za kitaifa na shuleni, lakini watu waliichukulia kuwa ni kukata kiuno tu, wakacheka. Hawakujua kwamba huko kwetu inakwenda na furaha ya watoto waliotoka jandoni na unyagoni, na kwamba mama mwenye heshima zake huicheza mbele ya wakwe bila kuinamisha uso. Mimi pia sikuwa najua. Nyumbani hakuna aliyenieleza.

Mzee alipotangaza kwamba tunaanza sindimba, nilijisogeza nyuma ya wenzangu. Majuma hayohayo bibi mzaa mama alikuja Dar es Salaam kutibiwa macho. Safari kutoka Newala ilikuwa ya siku kadhaa. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilikuja kufunguliwa mwaka 2003, na kabla yake mabasi yalipanga foleni kusubiri pantoni pale Ndundu. Bibi alikuwa na chale za Kimakonde usoni na ndonya kwenye mdomo wa juu, kama wanawake wengi wa rika lake. Alipotoka nje tu, watoto walimfuata. Mama akaanza kumweka ndani mchana kutwa.

Nilimwambia Mzee kwa nini nachelewa kufika jioni: nakaa na bibi asiwe peke yake. Akaniambia, "Mlete."

Nilimleta nikimshika mkono. Mzee alisimama, akavua kofia, akainama. "Shikamoo, mama." Bibi akaitikia, na Mzee akamtafutia kiti na kukiweka karibu na wapigaji, mahali ambapo hakuwahi kumruhusu mgeni kukaa. Tukaanza. Bibi alisikiliza kwa muda, kichwa kimeinama, kisha akainua mkono na kusema maneno mengi kwa Kimakonde. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Mzee alizunguka Tanzania nzima, lakini Kimakonde hakukijua. Akatazama ukumbi, akaniita kwa jina. "Mwanangu, anasema nini?"

Wenzangu wote walikuwa wananitazama. Nikasema: anasema ngoma ndogo inakimbia, iisubiri kubwa iiite. Mpigaji akajaribu. Bibi akasema tena, nami nikasema tena kwa Kiswahili. Akampigia makofi mpaka kijana akapata. Kisha akaomba kanga, akajifunga kibwebwe, akaingia duarani. Hatua zake zilikuwa fupi, magoti yamelegea, nyayo haziachi sakafu. Kiuno kilifuata miguu, wala hakikuongoza. Mzee alipiga magoti chini kabisa ili aone nyayo zile vizuri, mtu mzima aliyecheza sindimba mbele ya marais.

Tangu jioni ile hakuna aliyenitania pale. Na mimi nilianza kusimama mstari wa mbele. Mama alikuja kutuona siku moja baadaye, akakaa nyuma, akatoka mapema. Nyumbani usiku ule alinirekebisha bega la kushoto, akiwa bado ameshika mwiko. Alikuwa anaijua ngoma nzima.

Miaka ya 1990 mambo yalibadilika upesi. Kikundi kingine, TOT, kilizaliwa, ushindani wake na Muungano ukawa wa taarabu, na watu wakafuata mipasho. Mwaka 1994 vituo binafsi vya televisheni vilianza kurusha matangazo, na wikiendi wengi wakabaki sebuleni kwa jirani mwenye seti. Vikundi vilivyokuwa vikitafuta wachezaji vilitafuta sasa waimbaji, na ngoma ikawa kitu cha kufungulia onyesho watu wakiwa bado wanaagiza vinywaji. Viwanja vya Temeke vilipanda bei. Mwenye jengo aliuza, na tukapewa muda wa kuhamisha vitu.

Tulitaka kufanya onyesho la kuaga. Mzee alikataa. Alisema litakuwa zoezi la kawaida, na aliyeweza kuja aje saa kumi. Walikuja hata walioacha zamani: kondakta wa daladala, fundi cherehani, dada mmoja na mtoto mgongoni. Tulisogeza viti, tukafagia ukumbi ambao ungebomolewa, tukatembea kwa makofi kama wanafunzi wapya. Tulicheza msewe, bugobogobo, na sindimba mwishoni, zote katika duara. Wakati wa kupanga mistari ulipofika Mzee alitikisa kichwa. Tukabaki tunatazamana mpaka adhana.

Leo pale kuna fremu za maduka. Mzee alifariki miaka michache baadaye, na tuliomjua tulimzika bila ngoma, kama alivyoagiza. Ngoma zake tulizipeleka kwa mkokoteni shule moja ya msingi. Zilipokewa vizuri, zikawekwa stoo, na nilipokwenda kuziulizia panya walikuwa wameshakula ngozi. Hakukuwa na mwenye nia mbaya. Hakukuwa tu na saa wala mahali zilipopangiwa.

Bagamoyo wana chuo na tamasha lao la kila mwaka, na ninafurahi kwamba vipo. Lakini mtoto wa Mbagala hawezi kwenda Bagamoyo akitoka shule. Anahitaji mahali anapofika kwa miguu na kurudi kabla ya giza. Walimu wakuu wenye bwalo linalofungwa saa tisa, wenyeviti wa mitaa wenye ofisi yenye ukumbi, maafisa utamaduni wa halmashauri: nawaomba mtoe chumba kimoja, jioni mbili kwa juma, na mumtafute mzee au bibi mmoja wa mtaani anayejua ngoma za kwao. Wapo. Msisubiri hadi bajeti ije.