Waliobaki Wilayani

Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, madaktari wengi wa Kireno walifunga virago. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikafuata, na mama aliyeshindwa kujifungua huko wilayani akakosa wa kumpasua. Mwaka 1984 serikali ikaamua kutongoja madaktari. Iliwachukua wauguzi na matabibu waliokwisha kuzoea kazi za vijijini, ikawafundisha upasuaji kwa miaka mitatu: miwili Maputo, katika Hospitali Kuu, na mmoja wa mazoezi katika hospitali ya mkoa. Ndio mafundi sanifu wa upasuaji.

Fundi ampasue mke wangu? Ningeuliza hivyo hata mimi. Lakini hapo Maputo watafiti walilinganisha operesheni za uzazi 958 za mafundi hao na 1,113 za madaktari bingwa, wasione tofauti ya maana. Kufikia mwaka 2002, asilimia 92 ya operesheni kubwa za uzazi katika hospitali za wilaya zilikuwa za mikono yao.

Kinachonikosesha raha ni jambo jingine. Miaka saba baada ya kuhitimu, karibu tisa katika kila kumi ya mafundi waliopelekwa wilayani walikuwa bado huko. Madaktari walioanzia hukohuko, karibu wote walishaondoka.

Mpwa wangu ni daktari. Alipangiwa wilaya ya mbali, akavumilia, kisha akapata uhamisho wa mjini. Ukoo mzima ukashangilia, mbuzi akachinjwa. Hakuna aliyeuliza wagonjwa wa kule wameachiwa nani. Siwezi kumlaumu, ana watoto wa kusomesha. Sasa, cheti cha fundi wa Msumbiji hakikutambuliwa nje ya nchi. Alibaki kwa mapenzi, au kwa kukosa mlango? Nadhani yote mawili, na mpango ulifaulu kwa sababu haukumtaka mtu awe malaika.

Tangu hapo nasita kusifu uvumilivu wa mtu kabla sijajua alikuwa na njia gani nyingine. Mafundi wale walifanya kazi ya daktari usiku na mchana, huku wakilalamikia mshahara mdogo na cheo kisichopanda. Tukiwaita mashujaa, tunajipunguzia deni tu.

Nilimsimulia mpwa wangu habari hizi zote. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: “Mjomba, na nyumba za watumishi walijengewa?”