Sahani ya wali Bahi, daftari pembeni

Kwa abiria wa mabasi ya Singida na Mwanza, Bahi ni kituo cha kupita tu, mji mdogo unaoukuta baada ya kuiacha Dodoma, barabara upande mmoja na reli upande mwingine. Kwa mwanafunzi wa kidato cha nne anayeishi hapa, ambaye mtihani wa taifa unamsubiri Novemba, ndiyo dunia yake yote. Asubuhi shule, jioni daftari, Jumamosi daftari tena. Ufukwe hakuna. Kilichopo ni migahawa.

Ni migahawa ya kawaida ya mama lishe: bati juu, benchi la mbao, meza yenye kitambaa cha plastiki, ndoo ya maji yenye koki kwa kunawa mikono. Orodha ya vyakula haijaandikwa popote, inatajwa kwa mdomo, haraka haraka: wali samaki, wali maharage, ugali nyama. Ukiwa bado unafikiria, mteja wa nyuma yako ameshahudumiwa.

Agiza wali. Mgeni anayeijua Dodoma kwa ukame, uwele na mtama hushangaa kusikia kwamba mchele huo umelimwa hapa hapa. Mto Bubu humwaga maji yake katika bonde la Bahi, na bonde hilo halina njia ya kutoka kwenda baharini. Maji yakiingia hutandaa, yakawa bwawa pana lisilo na kina kirefu, kisha jua huyanywa polepole mpaka chumvi ibaki juu ya udongo. Pembezoni watu wanalima mpunga. Mwaka wa mvua nzuri kuna kambale na perege wa bwawani. Mwaka wa ukame usiulize sana, samaki wa sahani yako huenda amepanda gari kutoka Mtera.

Kuna pia ugali wa uwele kwa mlenda, chakula cha Wagogo wenyewe. Mtoto anayekula mlenda nyumbani kila siku hatauagiza, na asilazimishwe. Anatafuta kitu tofauti, na utofauti huo ndio mapumziko yenyewe.

Hapa ndipo wazazi wengi wanapokunja uso. Mtoto akiaga kwamba anakwenda kula nje wiki chache kabla ya mtihani, baba anasikia "nakwenda kuzurura". Akiwa wa kike, mama anasikia kibaya zaidi, na hofu hiyo ina msingi. Kila mzazi wa Tanzania anaijua hadithi ya binti aliyeanza kwa kununuliwa chipsi na kupewa lifti ya bodaboda. Tangu sheria ya elimu irekebishwe mwaka 2016, anayempa mwanafunzi ujauzito anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Lakini kifungo huja baada ya madhara. Binti mwenye hela yake ya chakula mfukoni, aliyopewa nyumbani bila kunung'unikiwa, hana sababu ya kungoja mtu amnunulie.

Kizuri zaidi ni kwenda naye. Wapo kina mama wanaofanya hivyo Jumamosi mchana. "Shikamoo mama," binti anamsalimia mwenye mgahawa. "Marahaba mwanangu. Leo umemleta mama?" Wanakaa. Sheria ni moja tu, hakuna kuzungumzia mtihani mpaka sahani ziishe. Kwenye meza za namna hiyo, mama anaweza kugundua kwamba mwanawe haogopi Hisabati kama alivyodhani, anaogopa kumwangusha baba yake. Maneno hayo ni nadra kusemwa nyumbani, kibatari kikiwaka na daftari likiwa wazi.

Kwa upande wa kitabibu, saa hiyo moja haipotei. Mwaka 1885 mtafiti wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio mwenyewe, alionyesha kwamba yanayosomwa kwa vipindi vilivyotenganishwa hukaa kichwani kuliko yanayosongwa kwa mkupuo mmoja. Kijana wa umri huo anahitaji pia saa 8 hadi 10 za usingizi. Anayekesha kwa vinywaji vya kuongeza nguvu anakopa usingizi wa kesho, maana kafeini hukaa mwilini kwa saa nyingi baada ya chupa kuisha.

Na chai ya rangi, ambayo hapa huja mezani kabla hujaiomba, isinywewe pamoja na chakula. Hupunguza madini ya chuma ambayo mwili unayachukua kutoka kwenye maharage na mboga za majani, na wasichana walioanza hedhi wanayahitaji sana. Kipande cha limau au chungwa hufanya kinyume chake, kinasaidia. Chai ingoje saa moja. Maji yasingoje, kwa jua la Bahi la Oktoba mwanafunzi anaweza kudhani amechoka kusoma kumbe ana kiu.

Mwenye nauli anaweza kumpeleka Dodoma mjini mara moja kwa muhula, akale sehemu yenye feni na juisi ya zabibu, akakione kwa mbali Chuo Kikuu cha Dodoma anachoambiwa kila siku akisomee. Ila hiyo ni siku nzima. Kwa Jumamosi za kawaida, Bahi inatosha: asome tangu asubuhi, saa saba aende kula, saa tisa awe amerudi.

Wakati wa kuondoka mnunulieni mdogo wake aliyebaki nyumbani chapati mbili. Chukueni kontena lenu. Zisifungwe kwenye gazeti, hata likiwa hili, wino wake haujawahi kuwa kitoweo.